Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: Kivinje inaangushwa na mvua

Waheshimiwa mnaosimamia mambo ya kale, ardhi na maendeleo kule Kilwa, na nyie wa ngazi za juu mnaokuja na magari mpaka Masoko halafu mnapanda boti kwenda Kisiwani kwenye magofu, asalam aleikum na poleni na majukumu.

Ukuta wa nyumba ya bibi yangu umeanguka. Ni usiku, mvua inanyesha, upande wa baharini, na Mwenyezi Mungu alisaidia chumba kile kilikuwa hakina mtu maana shangazi alishahamia chumba cha uani tangu nyufa zilipoanza kupitisha mkono. Nilipigiwa simu alfajiri, nikaenda Mbagala nikapata basi la kusini, nikashuka Nangurukuru nikachukua bodaboda mpaka Kilwa Kivinje, mji wetu wa zamani, nafika saa tisa mchana nakuta majirani wameshasogeza mawe pembeni na watoto wanaokota misumari ya zamani ile minene ya kichwa kikubwa.

Nikasimama pale nikauangalia ukuta kwa ndani. Toka nizaliwe sikuwahi kuona ndani ya ukuta ule, nilikuwa naujua kwa nje tu, ule ubaridi wake ukiegemea mgongo wakati wa jua kali. Upana wake unapita urefu wa mkono wangu toka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole. Mawe ya matumbawe, katikati chokaa na udongo mwekundu, na ndani ya chokaa vipande vya kombe vidogo vidogo vinang'aa bado, maana chokaa yenyewe ilichomwa kwa mawe ya bahari. Juu zile boriti za mikoko nyeusi zimechomoza, nyingine nzima kabisa, ukigonga unasikia zinalia kama mti wa jana. Na kwa nje ya ukuta sasa, ganda la simenti. Mjomba wangu ndo alipiga plasta ya simenti, miaka kama kumi na tano nyuma, kwa pesa yake ya korosho, kwa nia njema kabisa, alitaka nyumba ya mama yake ipendeze siku ya Idi.

Yuko fundi mmoja mzee pale mtaani, nikamuuliza mzee wangu imekuwaje ukuta uliokaa miaka zaidi ya mia moja unakuja kuanguka sasa hivi. Akachukua kipande cha ile plasta akakigeuza, kwa nyuma kilikuwa kimelowa tepetepe. Akasema, "Ukuta wa chokaa unapumua, mjukuu wangu, nyie mmeuziba pua." Maji yanaingia juu kwenye paa bovu, yanashuka ndani ya ukuta, yanakuta simenti, hayana pa kutokea, udongo unakuwa uji, siku moja unaachia. Ndo hivyo tu. Vita ilipita na ukuta umesimama, tukauangusha sisi wenyewe kwa kutokujua, na hakuna aliyekuja kutuambia.

Hilo ndo nataka kuwaambia waheshimiwa, na mengine yote humu ndani yanazunguka hapohapo. Kivinje inaanguka kwa maji ya mvua na kwa kukosa mtu wa kuelekeza, na dawa yake siyo pesa ya kutisha.

Kwa wale wasioijua, wengi wakisikia Kilwa wanafikiria magofu ya Kisiwani, na wana haki, Kisiwani ni kubwa, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale 1331 akaisifia, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Songo Mnara mwaka 1981. Lakini Kilwa ni tatu. Kuna Kisiwani ya masultani wa zamani, kuna Masoko ambako sasa ndo makao makuu ya wilaya, na katikati yao kwa umri kuna Kivinje, mji wa karne ya kumi na tisa, mji wa jahazi na misafara. Jina wazee wanasema limetokana na mivinje, ile miti inayovuma ufukweni upepo ukiipitia, na mpaka leo ukilala Kivinje usiku wa kusi utaisikia inavuma mpaka asubuhi. Mimi Dar nimekaa miaka ishirini sijawahi kulala usingizi kama ule.

Bahari ya Kivinje ni ya kina kifupi. Maji yakipwa yanaenda mbali, mbali kabisa, unabaki tope na majani ya bahari na kaa wanakimbia, na jahazi zinalala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Tukiwa wadogo hiyo ndo ilikuwa saa yetu. Tunashuka na ndoo, kina mama wanaelekea mikokoni kuokota tondo, sisi tunazunguka jahazi tunagusa mbao, tunanusa ile mafuta ya papa wanayopaka, mabaharia wanatufukuza halafu wanatupa tende. Kupakua mzigo lilikuwa jambo la kusubiri maji, jahazi inaingia na maji kujaa, maji yakitoka wachukuzi wanatembea kwa miguu mpaka ubavuni, wanarudi na magunia mabegani, tope mpaka magotini, na wimbo. Mmoja anaanzisha wengine wanapokea. Bibi alikuwa na vitumbua vyake barazani na birika la chai ya tangawizi, na ule wimbo ukianza kusikika alikuwa anasema haya puliza moto, wanakuja.

Kaskazi ikivuma zinashuka jahazi za Unguja na Mafia, kusi ikigeuka zinapanda, na mwaka wetu ulikuwa unahesabiwa hivyo, mtu anakwambia binti yake alizaliwa mwanzo wa kaskazi na wala hajui ni mwezi wa ngapi. Na msisahau kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji 2003 barabara ya kusini ilikuwa ya mateso, masika ikikolea tunakatika kabisa na Dar, kivuko cha Ndundu foleni mpaka watu wanapika njiani. Kwa hiyo kuna wakati sukari yetu, mafuta ya taa yetu, daftari zetu za shule, vyote vilikuja kwa bahari. Mimi bahari kwangu siyo bichi, bahari ilikuwa ndo barabara yetu.

Sasa mji ule haukujengwa kwa sukari na daftari, na hapa nataka niseme wazi kwa sababu tukiongea kumbukumbu za bandari tunapenda kubaki kwenye vitumbua na upepo. Kivinje ilijengwa kwa watu. Ndo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara inayotoka Ziwa Nyasa, miezi kwa miezi kwa miguu, na pale ufukweni ambapo sisi tulikuwa tunacheza na kaa, watu walipakiwa jahazini kama watumwa. Hesabu za forodha zilizofika kwa Waingereza zinasema ndani ya miaka mitano tu, 1862 mpaka 1867, watu 97,203 walipakiwa Kilwa, wengi wao 76,703 wakapelekwa Unguja na waliobaki 20,500 sehemu nyingine. Someni tena hiyo namba taratibu. Biashara hiyo ya baharini ikaja kupigwa marufuku kwa mkataba aliousaini Sultani Barghash wa Unguja mwezi wa sita 1873. Na siyo wote walipakiwa, wengine walibaki mashambani hukuhuku pwani, wakazaa, wajukuu zao ndo tunaokaa Kivinje leo tukisali pamoja na kuoana, na bibi yangu nikimuuliza sisi kwetu wapi hasa alikuwa ananyamaza kidogo halafu anasema, "Babu yako mkubwa alitembea mpaka akaona bahari." Basi, haongezi neno. Nilikuwa nadhani anamaanisha safari. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima na yeye ameshafariki.

Halafu akaja Mjerumani. Mwaka 1888 kampuni yao ilipochukua pwani, watu walikataa kuanzia Pangani mpaka huku kwetu, na Septemba ile Wajerumani wawili wa kampuni, Krieger na Hessel, walizingirwa nyumbani mwao Kivinje wakauawa. Wana mnara wao pale mjini. Wajerumani wakarudi na nguvu, wakajenga boma linaloangalia bahari. Hassan bin Omari, ambaye sisi tunamwita Makunganya, aliyeongoza upinzani huku Kilwa, watu wake walishambulia mji 1894, mwaka uliofuata akakamatwa akanyongwa, na baada ya hapo ikaja Maji Maji, ilianzia kwenye milima ya Umatumbi, siyo mbali na sisi, watu waking'oa pamba waliyolazimishwa kulima, Julai 1905, na kamba zikafanya kazi tena. Mwembe Kinyonga, mwembe waliponyongewa watu. Jina lenyewe linaeleza, na hospitali yetu imebeba jina hilohilo, watoto wa Kivinje wanazaliwa Kinyonga na wengi wao hawajui kwa nini panaitwa hivyo.

Najua mashujaa wa Kinyonga wamewekewa kumbukumbu na nashukuru kwa dhati. Wale Wajerumani wawili nao wana mnara. Lakini wale 97,203, nimezunguka mji wote toka utoto wangu mpaka juzi, sijaona hata kibao cha mbao kinachosema hapa watu walipita. Hata kimoja. Mgeni akishuka ufukweni anaona tope na mitumbwi anapiga picha anaondoka.

Baadaye enzi za Mwingereza meli zimekuwa kubwa, zinataka kina kirefu, kina kipo Masoko, basi ofisi zikahamia Masoko na Kivinje ikaachwa na soko lake, boma lake na jahazi zake. Sina ugomvi na Masoko, ndugu zangu nusu wako huko. Na Masoko umekuja mradi wa bandari ya uvuvi, jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2023, ni mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, na gesi ya Songosongo inaenda Dar tangu 2004, kwa hiyo Kilwa siyo tena ile ya kusema hakuna kitu. Ninachoogopa ni hiki, mkoa ukipata pesa ndo mji wa zamani unakufa haraka zaidi. Watu watataka viwanja, watataka mawe ya msingi, na mawe yapo Kivinje yamekaa bure kwenye gofu la mtu aliyekufa bila mrithi kusajili. Nimeona kwa macho yangu kirikuu inapakia mawe ya matumbawe kutoka kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa na roshani ya mbao, yanaenda kuwa msingi wa fremu za maduka. Milango ndo usiseme. Mlango wa bibi ulikuwa na nakshi ya minyororo pembeni na maua juu, mwaka ambao babu mdogo aliugua alikuja mtu na gari toka mbali akatoa pesa taslimu siku hiyohiyo, familia ikakubali kwa sababu mgonjwa yupo kitandani, tukaweka mlango wa mbao za kawaida na kufuli. Siwalaumu walioamua. Mimi pia nilikula ile pesa, ilinilipia ada. Ila nafasi ya ule mlango bado ipo pale ukutani, ukubwa wake haulingani na mlango uliopo, wamejazia na matofali, na kila nikipita naangalia yale matofali.

Nimejaribu kufuata utaratibu waheshimiwa. Miaka miwili iliyopita, nyufa zilipoanza, niliandika barua nikaambatanisha picha nikaipeleka ofisi moja, sitaitaja maana sikuja kumchongea mtu. Nikaambiwa nyumba ya mtu binafsi haihusiki hapo. Nikaenda nyingine nikaambiwa nyumba za zamani zina ofisi yake, siruhusiwi hata kubadili dirisha bila kibali, nikauliza basi kibali nakiombea wapi nikarudishwa kwenye ile ofisi ya kwanza. Barua ina mihuri miwili ya kupokelewa, ninayo. Ukuta umeanguka na mihuri yote miwili iko safi.

Kwa hiyo naomba tuongee mambo yanayowezekana. Pale Kisiwani kazi kubwa imefanyika, magofu yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini toka 2004 na 2014 yakatolewa humo kwa sababu kuta ziliokolewa. Waliobeba mawe na kuchanganya chokaa ni watu wa Kilwa hawahawa, wapo, wengine wanavua samaki sasa hivi kwa sababu kazi iliisha. Wale ndo nawaomba. Chukueni mafundi wachache walioijua kazi ile, walipeni posho ya kawaida, wakae Kivinje msimu mmoja wa kiangazi wafundishe vijana wa mtaani kuchoma chokaa. Kuchoma chokaa siyo sayansi ya roketi waheshimiwa, babu zetu walikuwa wanapanga magogo duara, juu mawe ya bahari, wanawasha, moto unakula usiku kucha, mawe yanageuka meupe, yanaachwa yanyeshewe yapoe yalainike, kadiri inavyokaa ndo inakuwa nzuri. Ila nasema wazi pia, magogo yasiwe mikoko hai na mawe yasivunjwe baharini, mawe yaliyoanguka yapo ya kutosha kabisa, kila mtaa una rundo lake.

Na paa. Jamani paa. Nyumba ya mawe ikiwa na paa inaishi, ikikosa paa miaka mitatu minne inaenda. Boma lenyewe liko pale linaangalia bahari, kuta nene, na ukiingia ndani unaona mbingu. Hata mabati ya muda yenye mteremko wa kumwaga maji nje, hata kama hayapendezi kwenye picha, yatatupa miaka ya kufikiria nini kifanyike. Mkisubiri mradi mkubwa wa mabilioni wenye wataalamu na ripoti yenye rangi, mtakuja kukarabati rundo.

Kwa wenye nyumba naomba karatasi moja tu, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ibandikwe sokoni na msikitini na kwa mtendaji: usipige simenti kwenye ukuta wa chokaa, mti ukiota juu ya ukuta ung'oe ukiwa mdogo, ziba paa kwanza ndo ufikirie rangi. Mjomba angekuwa na karatasi ile asingetumia pesa yake ya korosho kuua nyumba ya mama yake. Alilia siku ile, mtu mzima wa miaka sitini na kitu kakaa juu ya mawe analia, anarudia tu, "Mimi nilitaka ipendeze."

Na katazeni kuuza mawe na milango, lakini mkikataza muweke na njia ya mtu mwenye mgonjwa kupata msaada, kwa sababu mkikataza tu mlango utaondoka usiku.

Mwisho ni kile kibao. Kiwekwe pale ufukweni chini ya mivinje, kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, watu wangapi, miaka gani, walitoka wapi, walipelekwa wapi. Hatutaki mnara wa kifahari. Na watoto wa shule waletwe pale wakati maji yamekupwa, watembee mpaka zilipokuwa zinalala jahazi, mwalimu awasomee ile namba huku wamesimama kwenye tope.

Kuna bibi mmoja Kivinje, rika la bibi yangu, yeye Alhamdulillah yupo hai, macho hayaoni vizuri lakini kichwa kiko sawa. Anajua kila nyumba ilikuwa ya nani, nani alijenga, nani alikuwa nahodha wa jahazi gani, nyimbo za wachukuzi anazijua tatu nzima na nusu ya nne. Nimemrekodi kwa simu yangu mpaka ikajaa. Ukimtajia nyumba anaanza kukuhesabia kwa vidole, hii ilikuwa ya Mhindi wa nguo, hii ya Mshihiri wa kahawa, hii waliishi wapishi wa forodhani, na akifika kwenye nyumba iliyoanguka anakunja kidole anaruka inayofuata. Safari ile nilipomwambia ya kwetu ukuta umeanguka, alinyamaza, akanishika mkono akanionyesha akikunja kidole.

Anakaa barazani kila siku baada ya alasiri, nyumba ya tatu ukitoka ufukweni kuelekea sokoni, mtu yeyote atawaelekeza. Njooni kabla ya masika. Mje na kalamu, mje na fundi, na mkija muagizie vitumbua vya mchele kutoka kwa yule binti wa pale kona, bibi anavipenda vikiwa vya moto.

Wenu mjenga taifa,
mjukuu wa Kivinje, kwa sasa nipo Dar